Bastola ya Akiba ya Thurman Goforth

Shemeji yangu Thurman Goforth amevamiwa mara sifuri katika miaka yake hamsini na miwili hapa duniani, na kila mara amejihami kikamilifu!

Kazi yake ni kunyonya matangi ya vyoo. Ana lori la kijani lenye bomba nene kama chatu aliyeshiba, na hapa Pinhook, Arkansas, ni nyumba chache ambazo hajazikokotea bomba lile mpaka uani. Kazi ya heshima! Inamlisha dada yangu Twyla, kwa hiyo siicheki. Ninachocheka ni kwamba Thurman anaamini majambazi wanamvizia barabarani. Wanamvizia wachukue nini? Mzigo?

Hata hivyo, hatoki nyumbani bila bastola kiunoni. Na si bastola ya hivi hivi, bwana! Chuma kinang'aa kama meno ya mtangazaji wa televisheni, mpini ni wa mbao ya thamani, na jina lake limechorwa ubavuni kwa herufi za kujikunja. Anaiita Bi Mkubwa. Risasi zake ni za shaba ghali kuliko zote. Shaba anayo. Shabaha ndiyo hakuna aliyewahi kuiona.

Mambo yalianza pale Mchungaji Lindell alipotangaza kwamba kanisa letu linatafuta mkuu wa kikosi cha ulinzi. Kazi yenyewe ni kusimama mlangoni Jumapili na kidude cha redio, kuwasalimu watu na kumtoa nje mbwa wa jirani. Lakini Thurman aliposikia neno "mkuu," alivimba mpaka kifungo cha shati kikaomba msaada.

"Shemeji," aliniambia asubuhi ile mgahawani, kwa sauti ya kuwafikia hata waliokaa karibu na choo, "mkuu wa ulinzi hawezi kutembea na bastola moja. Ikikwama je?"

"Imewahi kukwama?"

"Haijawahi! Tangu niinunue, miaka minne, haijakwama hata mara moja!"

"Umewahi kuipiga?"

Akaniangalia kwa huruma, kama ninavyomwangalia mtoto anayelamba betri. "Shemeji, silaha kama ile haipigwi ovyo ovyo."

Basi tukaenda kwa Mama Arvella, mwenye duka la bunduki nje ya mji, karibu na ghala la mbegu. Mama Arvella ana miaka sabini na moja, miwani yenye mnyororo, na uvumilivu wa kupima kwa kijiko cha chai. Thurman akaegemea kaunta.

"Mama Arvella, nataka ya akiba. Ya kuvaa kwenye kifundo cha mguu. Iwe rahisi."

"Rahisi kutumia?"

"Rahisi bei!"

Mama akatoa bastola moja nyeusi, ya plastiki nusu, fupi, mbaya kama vitu wanavyotupa bure ndani ya boksi la nafaka za asubuhi. Bei yake ilikuwa robo ya bei ya Bi Mkubwa, na bado unapunguziwa. Thurman akaishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake.

"Haina haiba," akasema.

"Hukuomba ya haiba, umeomba ya akiba," Mama akamjibu.

"Sawa, lakini si ya kutegemewa sana. Ya akiba haihitaji kuwa nzuri."

Mama Arvella akavua miwani. "Hebu nielewe, mwanangu. Ile nzuri imeshindwa. Adui yuko mbele yako. Umebakiwa na dakika moja ya kuishi. Na hapo ndipo unapotaka kitu kibovu?"

Thurman akakohoa. Swali lile halikuwamo kwenye video anazotazama kwenye simu.

Ili kubadilisha mada akaomba kujaribu ala ya bastola ya mguuni. Mama akamfungia, akampa bastola ya mpira ya kufanyia mazoezi, akasema, "Haya, adui huyo! Ichomoe!" Akaanza kuangalia saa.

Jamani! Thurman akainama. Tumbo likakataa. Akainua mguu juu ya kiti, suruali ya jinzi ikagoma kupanda. Akarukaruka kwa mguu mmoja, akaikumbatia rafu ya kofia, kofia zikamwagika, naye akaibuka kutoka chini ya rundo lile ameshika bastola ya mpira, mtutu umeelekea kwake mwenyewe.

"Sekunde thelathini na nane," alisema Mama Arvella. "Adui ameshakula, amelipa, na ameacha bakshishi."

Mtu mwingine angekwenda nyumbani. Thurman alikwenda nyumbani kuomba ruhusa.

Dada yangu Twyla alikuwa anakamua mashuka kwa mkono, maana mashine ya kufulia ilikufa tangu Januari. Alimsikiliza mpaka mwisho. Hapo ningekuwa Thurman ningeogopa.

"Kwa hiyo Bi Mkubwa kiunoni hatoshi, unaniletea na bi mdogo mguuni?"

"Mke wangu, ni suala la usalama!"

"Usalama wa nani? Wa tangi la choo?" Akatundika shuka. "Sawa. Lakini sinunui kitu ambacho sijakiona kikifanya kazi. Jumamosi tunakwenda kwa Mama Arvella, tunakodi ile ile ndogo kwenye ukumbi wake wa shabaha. Risasi mia. Ikikwama, hununui. Na Bi Mkubwa naye apige mia, nimwone huyo anayehitaji msaidizi."

Thurman alicheka mpaka akashika ukuta. Akaenda mgahawani kuwaalika watu, na kwa wazimu wake wote, akamwalika na Mchungaji Lindell. "Njoo umwone mkuu wako wa ulinzi!" alimwambia.

Jumamosi saa nne asubuhi tulikuwa watu kumi na wawili nyuma ya kioo, na Mchungaji amesimama kwenye kibanda cha pembeni na karatasi yake ya shabaha, maana naye alisema kwa kuwa amefika, apige mbili tatu. Tukaziba masikio. Thurman akachomoa Bi Mkubwa taratibu, kama askofu anayefunua sakramenti.

Paa! Paa!

Kisha kimya. Ganda la risasi lilikuwa limesimama wima juu ya bastola kama bomba la moshi.

"Risasi mbovu!" alipiga kelele Thurman.

Mama Arvella akaisafisha njia, akampa risasi nyingine, mpya kabisa. Paa! Kimya. Bomba la moshi tena!

"Ni upepo!"

"Tuko ndani, Thurman," alisema Twyla.

"Ni unyevunyevu basi!"

Mama Arvella akaichukua Bi Mkubwa, akaifungua mezani mbele ya macho yetu, akaanza kuchokonoa kwa kijiti. Ikatoka sufu ya koti. Ikafuata sukari iliyoganda, ile ya maandazi ya mgahawani. Halafu, polepole, kama meno yanayong'olewa, ikatoka nusu ya bisi.

Nusu ya bisi! Nyuma ya kioo watu walikunjana kama suruali zilizotoka kwenye sanduku. Mimi nilijitahidi kuwa shemeji mwema. Nilishindwa.

"Na hii," alisema Mchungaji Lindell kwa upole, akituonyesha karatasi yake, "nimepiga risasi mbili, lakini nina matundu matatu."

Tukatazama karatasi ya Thurman. Risasi tatu, matundu mawili, yote nje ya mchoro wa mtu. Uso wa shemeji yangu ukawa rangi ya bitiruti iliyochemshwa. Hapo ndipo, nakiri, kicheko kilinikauka kwa muda, kwa sababu nilimwona akimwangalia Mchungaji na nikajua kwamba hakutaka kitu kingine chochote mwaka mzima ule isipokuwa kusimama mlangoni na redio.

Twyla akachukua ile bastola ndogo, mbaya, ya plastiki.

Sasa, kuna jambo ambalo mimi nalijua na Thurman halijui, kwa sababu katika miaka ishirini na sita ya ndoa hajawahi kuuliza. Baba yetu hakuwa na mtoto wa kiume mwenye shabaha. Alikuwa na mimi. Aliyekuwa akituletea kindi wa mchuzi kila vuli alikuwa Twyla, na alikuwa anawapiga jichoni ili nyama isiharibike.

Paa, paa, paa, paa! Magazini ya risasi ikaisha, akajaza, akaendelea. Haraka hana, bastola haikwami, kama anakatakata bamia. Thelathini. Sitini. Nyuma ya kioo watu wakaacha kucheka. Mia! Mama Arvella akavuta karatasi karibu. Katikati ya kifua palikuwa na tundu moja tu, la kuingia ngumi.

"Haya, Thurman," alisema Mama. "Tuamue. Hii inafaa kuwa ya akiba, haifai?"

Na kwa hili nampa Thurman haki yake, hakudanganya. "Inafaa," akasema.

"Haifai," alisema Twyla.

Sote tukageuka.

"Inayofaa kuwa ya akiba ni ile yako yenye bisi. Hii ni ya kazi." Akaiweka kwenye kaunta pamoja na kitambulisho chake. "Mama Arvella, nipe fomu. Naichukua mimi."

Wakati anajaza fomu, Mchungaji Lindell alimsogelea, akavua kofia. "Dada Twyla," akasema, "Jumapili huwa una nafasi?"

Basi kanisa letu lina mkuu wa ulinzi, naye ni dada yangu, amesimama mlangoni na redio yake, na bastola mbaya kuliko zote Arkansas imefichwa chini ya sweta lake la zambarau. Mbwa wa jirani hata hajaribu tena.

Thurman hakuachwa nje. Au tuseme, nje ndipo alipopelekwa. Walimpa fulana ya njano inayong'aa na mwavuli, akae kwenye maegesho ya magari kuwasaidia wazee. Jumapili ya kwanza alisimama pale kifua mbele, na Bibi Eudora alipofungua mlango wa gari lake, Thurman akamwambia, "Usiogope, Bibi! Mimi ndiye mlinzi wa nje!"

Bibi Eudora akamtazama juu mpaka chini. Kisha akampa bakuli la makaroni ya jibini, la moto, limefunikwa kwa karatasi ya alumini, la chakula cha pamoja baada ya ibada.

"Basi nilindie hili," akasema.

Akalilinda! Alilibeba kwa mikono miwili kupita magari yote, akiangalia kushoto na kulia. Na lilipofika mezani, kwenye pembe moja, chini ya karatasi, palikuwa na shimo la ukubwa wa kijiko, na mlinzi alikuwa na jibini masharubuni.