Tanuri la Ña Saturnina na Maana ya Neno "Jengo"

San Ladislao, Paraguai
Ijumaa, kuelekea Jumapili ya Matawi

Mheshimiwa Meya,

Pokea heshima zangu zote unazostahili, na ukiona ni chache usishangae. Mimi ni Eulalio Cantero, mwalimu mstaafu wa lugha. Nusu ya watumishi wa ofisi yako nimewafundisha mimi kusoma na kuandika, na kwa matokeo hayo nauomba radhi mji mzima.

Nakuandikia kuhusu tanuri la udongo la jirani yangu, Bibi Saturnina Galeano, mjane, ambaye mtaani tunamwita Ña Saturnina kwa heshima, na ambaye kwa miaka thelathini huoka chipa, vile vimkate vyetu vya muhogo na jibini, na kuziuza kituo cha mabasi, kapu kichwani. Jumanne ya wiki iliyopita mkaguzi wako, Bwana Osmar Villalba, alifika uani kwake na karatasi yenye mihuri mitatu. Karatasi yasema tanuri lile ni jengo lisilo na kibali, nalo libomolewe kabla ya Jumatano ya Wiki Takatifu. Jumatano hiyo, kama ujuavyo wewe uliyezaliwa hapa hapa na si mwezini, ndipo mtaa mzima huleta unga wa muhogo, jibini na mayai kuja kuoka katika tanuri hilo. Likibomolewa, nyumba arobaini zitaila Ijumaa Kuu kwa macho.

Nimeisoma sheria ndogo yenu ya majengo na usafi. Malalamiko yangu nayatia namba, kwa kuwa nimeambiwa ofisini kwenu kisicho na namba hakisomwi.

1. Sheria yasema: "Jengo ni kitu chochote kilichoundwa kwa mikono ya mwanadamu, kikakaa juu ya ardhi au kuegemea kitu kilichokaa juu ya ardhi." Aliyeandika haya hajapata kuona kiatu. Siku ile pikipiki ya Osmar ilikuwa imeegemea ua wa Ña Saturnina. Nikamwuliza, "Na jengo lako hili, lina kibali?"

"Aa, Mwalimu naye! Hii si ina namba ya usajili?"

"Kwa hiyo tanuri nalo tukilibandika namba, limepona?"

"Usinipe mtihani tena, Mwalimu. Nilishamaliza darasa la sita mimi."

Alimaliza kweli. Nilimsogeza mbele kwa huruma, na huruma ile sasa naijutia.

2. Sheria yakataza "moshi unaomwudhi mtu mwenye busara ya kawaida." Niliomba kujua mtu huyo anakaa mtaa gani, nikampe hongera, maana hapa mjini hajaonekana. Osmar akajibu kwamba kikazi mtu huyo ni yeye. Akasimama kule moshi unakoelekea, akafumba macho, akavuta pumzi. Ña Saturnina ndiyo kwanza alikuwa anaepua chipa za asubuhi.

"Haya, umeudhika?" nikamwuliza.

"Nimesikia njaa."

"Basi andika njaa."

"Fomu haina pa kuandika njaa, Mwalimu. Ina 'ameudhika sana' na 'ameudhika kiasi'."

Akatia alama kwenye "kiasi", akala chipa mbili, akashukuru kwa adabu.

3. Ilani yenu imeandikwa kwa jina la Aparicio Rolón, mume wa Ña Saturnina, ambaye huu ni mwaka wake wa kumi na moja makaburini. Sheria yasema mwenye jina asipopatikana, ilani "itabandikwa mahali panapoonekana wazi kwenye jengo lenyewe." Osmar ni mtiifu wa sheria. Akaibandika kwenye tanuri. Tanuri, Mheshimiwa, lilikuwa na moto. Ilani ikajikunja, ikawaka, ikaisha mbele ya macho yetu, naye akaandika daftarini: "Mhusika ameipokea ilani, kisha ameiteketeza kwa makusudi." Basi marehemu Aparicio, ambaye uhai wake wote hakumpandishia sauti hata mbuzi, leo ni mharibifu wa nyaraka za Manispaa.

Ña Saturnina alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Mtu na awepo mtaani anayejua uzito wa jambo.

4. Nilikuja mwenyewe kukata rufaa. Dirishani nilimkuta Bi Nimia, mwanafunzi wangu wa mwaka ule wa mafuriko. Akanifungulia kitabu: rufaa itakatwa na "aliyetajwa katika ilani, yeye mwenyewe, na si mwingine."

"Aje Bwana Aparicio," akasema.

"Nimia, mwanangu, Aparicio alikufa. Mazishini ulikuwepo. Uliimba."

"Najua, Mwalimu, na nilimlilia sana. Basi alete cheti cha kifo."

"Nani alete?"

"Yeye. Na kitambulisho."

Nilimtazama usoni nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Alikuwa amechoka, na nyuma yangu watu tisa walikuwa wanakohoa. Nikatoka. Kwenye ngazi zenu nilikaa kitambo.

5. Nikiwa nimekaa pale nikaona nilichokuwa sijakiona. Ofisi ya Manispaa imeundwa kwa mikono ya mwanadamu, ingawa kwa kuitazama mtu aweza kubisha. Imekaa juu ya ardhi. Nimepekua sanduku la kumbukumbu katika maktaba ya parokia: kibali chake hakuna. Kila Ijumaa mchana uani kwenu huchomwa nyama, na moshi wake huniudhi mimi, mtu mwenye busara kuliko ya kawaida, huniudhi sana, wala si kiasi. Na kifungu cha tisa, kile cha kubomoa majengo yasiyo na kibali, hakisemi mkaguzi "akipenda". Chasema "lazima".

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote, ofisi ya Manispaa ya San Ladislao ibomolewe kabla ya Jumatano. Ilani yake nimeiandika mwenyewe kwa hati safi, na asubuhi ya leo nimeibandika kwenye mlango wenu mkubwa, mahali panapoonekana wazi. Mkikosa nyundo, mtaa utawaazima.

Nisalimie mama watoto, madiwani wote walio macho, Bi Nimia, na Osmar, nikimkumbusha kwamba "kibali" huandikwa kwa "l" moja.

Wako katika sarufi na subira,

Eulalio Cantero

N.B. Baada ya kutia sahihi nilivuka njia kwenda kumsomea Ña Saturnina barua hii, nikitarajia machozi ya shukrani. Alisikiliza hadi mwisho huku anakanda unga. Kisha akasema, "Imeandikika, Mwalimu. Lakini kifungu cha sitini na moja ulikisoma?"

Sikukisoma. Hasira zilinifikisha cha arobaini tu. Kifungu cha sitini na moja chasema neno "jengo" halihusu tanuri la udongo lililokuwepo kabla ya sheria. Ña Saturnina, aliyeishia darasa la tatu, aliisoma sheria yote kwa siku mbili, akaenda kumwonyesha Osmar, na Osmar aliifuta amri tangu Jumatatu, akaomba radhi.

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza.

"Hukuniuliza, Mwalimu. Kila ukija hapa unaongea wewe."

Nikakimbilia ofisini kwenu kuibandua ilani yangu. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimetumia gundi ya fundi viatu, nayo imeng'oka na rangi ya mlango. Bi Nimia ameniandikia karatasi ya mashtaka. Jina langu amelipatia lote, bila kosa hata moja.