Upendo Waingizwa Rasmi Kiberege

Kuanzia Jumatatu, tarehe 6 Mei 1996, upendo umeingizwa rasmi katika Elimu Huria hapa Kiberege. Wananchi wanatakiwa kuupokea kwa utulivu.

Tangazo hilo lilisainiwa na Bwana Polikarpo, Mwenyekiti wa Kamati ya Upendo na Maadili ya Pamoja. Mimi nilikuwa katibu. Mhuri niliugonga mwenyewe.

Kabla ya hapo hali ilikuwa mbaya. Mwalimu Balbina alikuwa akiwafundisha watu wazima masomo ya sekondari bila kibali cha kuwapenda. Msimu wa kuamia ndege, wanafunzi wake walipohamia mashambani kulinda mpunga, aliwafuata kwa baiskeli, dungu hadi dungu, vile vichanja virefu vya kulindia ndege, akiwaachia madaftari yake wayanakili na kupitishiana. Hakuna aliyesaini popote. Hata mimi cheti changu cha kidato cha nne nilikipata hivyo.

Balbina alifariki mwezi Machi. Kamati ilimwandikia barua ya pole, ikimtaka ajibu ndani ya siku saba. Hakujibu.

Basi tukakusanya madaftari yake yote kumi na moja, tukayafungia kabatini yatunzwe kwa upendo, hadi wajumbe watakapokubaliana juu ya maadili. Wajumbe walikuwa bado kwenye kipengele cha kwanza: nani akae karibu na nani.

Dorika, mama wa watoto watatu, alikuja ofisini na matope miguuni.

"Shikamoo, baba mwenyekiti."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Daftari la jiografia. Mtihani ni Novemba. Mwaka jana niliukosa kwa sababu ya uzazi. Nikiukosa na huu, mume wangu amesema basi."

"Mama, tunakujali sana. Ndiyo maana hatukupi."

"Sasa huko kujaliwa nitajibia swali gani?"

"Subiri semina ya maadili."

"Na mtihani nao utasubiri semina?"

Kwenye muhtasari niliandika: mwanafunzi alishukuru.

Juni akaja mkaguzi kutoka Morogoro, Bi. Ilham. Bwana Polikarpo akamwonyesha kabati.

"Hakuna daftari hata moja lililochafuka."

"Na wanafunzi?"

"Hawajachafua chochote."

Bi. Ilham akataka kuwaona. Tukaenda mashambani kwa gari lake, kamati nzima, watu wanne. Kwa mbali tukasikia debe likigongwa, kisha sauti ya Dorika: "Mvua ya milimani inanyeshaje?"

"Upepo unagonga Udzungwa, unapanda juu!" likajibu dungu la pili.

"Unapoa kwanza, wewe!" likasahihisha la tatu.

Kwelea wakaruka kutoka mpungani. Walikuwa wakikumbushana masomo ya Balbina hivyo, na kila swali walilivuta mwisho kama yeye. Nilijifanya kufunga kamba ya kiatu.

"Tumebakiza ramani tu," Dorika alimwambia mkaguzi. "Hiyo hakuna anayeikumbuka. Imo kabatini."

"Mpeni daftari," alisema Bi. Ilham.

"Ufunguo hautoki bila kikao cha wajumbe wote," alisema Bwana Polikarpo.

"Wajumbe wote si hawa hapa? Kaeni."

Kikao kilichukua dakika mbili, ufunguo ukaruhusiwa. Hakijawahi kutokea tena kikao kama hicho.

"Lakini akija nasi ofisini kusoma," alisema Bi. Ilham, "mpunga ataulinda nani?"

"Tunamjali sana, hilo lieleweke," alisema Bwana Polikarpo.

"Vizuri. Panda dunguni."

Mwenyekiti alipanda na suti yake. Dorika akamkabidhi debe, akaingia garini. Tulipoondoka alitoa kichwa dirishani.

"Baba mwenyekiti, simama! Ndege hawamwogopi mtu aliyekaa!"