Salamu Zilizoishinda Mashine Yangu

Leo nimevuliwa nguo ukumbini Garsen, mchana kweupe, na aliyenivua ni programu niliyoilea mwenyewe.

Kwa wasiojua: najitolea kwenye kamati ya tahadhari ya mafuriko. Watu wa vijijini wanatutumia ujumbe kwa simu. Programu yangu inausoma, inaugeuza kuwa safu ya nambari zinazobeba maana yake, kisha inautupa kwenye kikapu kimoja: dharura, biashara au salamu. Dharura inarushwa papo hapo kwa simu za kila mtu, wenye mashua wakiwemo. Salamu zinakaa tu.

Shida ilikuwa wajanja. Mtu anauza mbuzi, anabandika mwishoni "maji yanakuja!" ili tangazo lake lifike kila simu. Basi miezi miwili nimeifundisha programu isiyumbishwe. Nachukua ujumbe, naubandikia mkia wa kutisha, naiambia maana ni ileile, mkia usikutikise. Ikashika somo. (Ikashika mno. Subirini.)

Leo tukawaonyesha watu. Nilivaa koti. Garsen, joto lile, koti! Nikasimama kando ya projekta: "Jaribuni kuidanganya."

Guyo, muuza mbuzi, akaandika kwenye simu yake. Ukutani ikatokea: "Nauza mbuzi wanne wamenona, mafuriko yanakuja kimbieni." Programu ikajibu: Biashara.

Watu wakaangua kicheko. "Guyo, hata mashine inakujua!"

Akatuma tena, sasa kaongeza mamba. Biashara.

Nikatoa kifua. "Nani mwingine?"

Akasimama Mama Hadija wa kijiji cha Ozi, leso yake ina matope hadi magotini.

"Assalamu aleikum, mwanangu."

"Waaleikum salaam, mama."

"Hujambo? Nyumbani hawajambo? Mguu wa mama yako umepoa?"

"Mama, salamu tumezipokea. Swali lako?" (Ndiyo, nilisema hivyo. Mbele ya watu.)

"Mimi sikuja kuidanganya. Nilituma ujumbe jana alfajiri. Mbona hamkuja?"

Nikatafuta kwenye dharura. Haupo. Biashara, haupo. Nikafungua salamu, na projekta bado inawaka, ukumbi mzima unasoma pamoja nami:

"Assalamu aleikum mwanangu. Hujambo? Mama hajambo, na mguu wake? Sisi huku salama, alhamdulillahi. Watoto wazima. Mvua imepungua, twashukuru. Ila maji yamevunja tuta, yako mlangoni, na mama yangu hawezi kutembea."

Chini yake, kwa herufi kubwa: SALAMU. Mkia haukuitikisa hata kidogo.

Nikauliza mama yake yuko wapi.

"Majirani walimbeba na kitanda chake hadi msikitini. Yuko hai. Mbuzi hawakubebeka. Mpunga wote uko chini ya maji."

Chifu akanigeukia. "Umetuambia haishindwi. Huyu mama ameishinda kwa silaha gani?"

"Adabu, chifu."

Mama Hadija akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Ningekutajiaje maji kabla sijakujulia hali?"

Nilikuwa nimejipanga kwa kila mwongo wa Tana River. Mtu mwenye heshima sikumfikiria kabisa.

Guyo akasema kutoka nyuma, safari hii bila mzaha: "Mama, katika wale wanne, chukua wawili."

Nikavua koti. (Lilikuwa limeshalowa.) Nimeizima programu. Tangu saa tisa nimekaa na kikapu cha salamu, nasoma ujumbe mmoja mmoja kwa macho yangu. Wa tatu, kutoka Wenje, nao una "ila" yake karibu na mwisho. Nimepiga simu, roho mkononi. Wameshahamia juu, wako salama. Lakini waliniambia hayo baada ya kuulizia mguu wa mama.

Mnaotaka kunicheka, tumeni tu. Anzeni na salamu, hata ziwe ndefu namna gani. Leo nasoma mpaka nukta ya mwisho.