Keki ya Ghorofa Tatu Hadi Kangundo

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Kaluki anatafuta dereva wa kupeleka keki zake za harusi kila Jumamosi hadi Desemba. Kazi yangu hiyo! Tatizo ni jirani yangu Othman, ambaye Kaluki anamfikiria pia. Amenunua gari ambalo, anasema, shokomzoba zake hujirekebisha zenyewe. Kuna vitambuzi vinavyosoma barabara, kompyuta inaamua: kwenye mashimo zinalegea, kwenye kona zinakaza. Alinieleza nusu saa nzima. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Gari langu nalo lina shokomzoba nne. Mbili zinavuja.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepata dawa! Gari langu likiwa tupu hurukaruka. Likibeba mzigo hutulia. Basi ni mzigo tu. Binamu yangu Muli ana mbuzi watatu wa ntheo, posa ya Kikamba, wa kupelekwa Jumamosi kwa wazazi wa mchumba wake, Kangundo. Keki nayo inaenda Kangundo. Nimejitolea kuwabeba bure. Ameniita ndugu wa kweli. Kaluki nimemwambia gari langu pia hujirekebisha lenyewe. Si uongo. Mbuzi wako hai, watajisogeza wenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti
Kiti cha nyuma niling'oa, mbuzi wakaingia. Kaluki mbele, keki mapajani. Akauliza hao ni wa nini. Nikasema ni sehemu ya mtambo.

Matuta ya kwanza, laini kabisa! Kaluki akakiri hajawahi kubebwa vizuri hivyo. Nilijiona mhandisi.

Kisha kona. Mbuzi wote wakahamia kushoto, gari likainama nao, ghorofa ya juu ikamwangukia Kaluki shingoni. Nikakata kushoto kulinyoosha. Mbuzi wakaja kulia. Ghorofa ya pili hiyo. Beberu akanyoosha shingo, akaanza kumlamba krimu begani.

Kaluki alijifuta krimu shingoni.

"Titus, simama hapo," alisema. "Mpigie Othman simu."

Aibu gani hii! Ghorofa iliyobaki iliondoka na Othman, ikafika nzima. Mimi nilifika na mbuzi.

Jumanne, 12 Agosti
Kazi amepewa Othman. Nimeshindwa hata kumaliza sahani ya githeri.

Jioni Othman akabisha. Duka lake hujaa wateja Jumamosi, kwa hivyo anaomba nimwendeshee gari. Kaluki amekubali, mradi kusiwe na mnyama. Nilitaka kumkumbatia Othman! Alisisitiza kwamba gari husaidia, halifanyi miujiza, kwa hivyo nipunguze mwendo. Hiyo ya kusaidia niliisikia vizuri.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimelijaribu gari la Othman leo. Mashimo hayasikiki. Kwenye kona limesimama wima, hata chai yangu haikumwagika. Raha tupu!

Kesho ni keki ya ghorofa tano, hadi Kivaa. Kaluki anataka tuondoke saa kumi na mbili asubuhi, twende polepole. Ya nini? Kompyuta ipo. Nitalala mpaka saa tatu, na matuta nitayapita bila kugusa breki. Keki nitaifunga juu ya paa, watu wote njiani waione.