Mjusi Asiyekula Wadudu

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Binti yangu anakuja Jumamosi. Kutwa nzima, sisi wawili tu, mara ya kwanza tangu mimi na mama yake tuachane. Mume mpya wa mama yake kamnunulia sanduku la kioo lenye samaki kumi na wanne. Kumi na wanne! Binti kanisimulia kwenye simu, mmoja baada ya mwingine. Ulimi ukaniteleza: nikasema kwangu kuna mjusi. Akauliza anakula nini. Nikasema atamwona mwenyewe.
Hakuna mjusi.

Jumanne, tarehe 4
Duka la wanyama. Sharti langu ni moja: asile wadudu. Mimi na wadudu hatupikiki chungu kimoja. Mende akipita, mimi niko juu ya meza ya kukatia nguo. Fundi cherehani mzima, mwenye mvi!
Mjusi wa kwanza: panzi. Wa pili: nyenje. Wa tatu sikungoja jibu, nilishaona miguu ikining'inia mdomoni mwake. Wa nne, mdogo kama kidole, ana miiba kidevuni. Muuzaji akasema huyu akikomaa hula zaidi majani. Majani! Akaanza, "Lakini kaka, huyu bado…" Nikamwambia anifungie tu.

Jumatano, tarehe 5
Mjusi hali kitu. Nimempa mchicha, karoti, boga. Ananitazama kama mteja aliyeshonewa suruali fupi. Saa nane nimekata jani la mchicha umbo la panzi, miguu sita kamili, nikalifunga uzi na kulichezesha. Mama mwenye nyumba akafungua mlango na kunikuta nimepiga magoti, nasema ruka, ruka. Akaurudisha taratibu.

Alhamisi, tarehe 6
Daktari wa mifugo kanisuta. Kumbe mjusi mchanga anataka wadudu, wazima, kila siku; mboga ni kionjo tu. Kasema asipokula hadi keshokutwa, basi. Basi nini? Hakumaliza. Keshokutwa ni Jumamosi! Nikauliza kama kuna wadudu wasio na miguu. Akauliza kama mimi mwenyewe ni mzima.

Ijumaa, tarehe 7
Nimenunua nyenje hamsini, ndani ya kopo. Nikavaa glavu mbili mbili, nikashika koleo la jikoni, nikafumba macho. Kosa lilikuwa kufumba macho. Kopo chini, nyenje kila mahali: kwenye pamba, kwenye cherehani, mmoja kwenye kola yangu. Nimekaa juu ya meza tangu saa nne hadi saa tisa. Mteja alikuja kujaribu koti. Nikampima mabega tu, nikamwambia mikono inafuata wiki ijayo. Nyenje wanaimba. Mjusi anawasikia, njaa inamuua, kioo cha sanduku lake kiko katikati.
Nimepiga simu kusema naumwa, binti asije. Akapokea yule mume mpya, Bwana Samaki. Akasema kwa upole kwamba mtoto kafunga mkoba wake tangu Jumatatu, na kila usiku hulala nao. Nikamshukuru, nikasema basi aje. Nilijichukia hadi jioni.

Jumamosi, tarehe 8
Saa tatu kamili, hodi. Akaniuliza, "Baba, mbona uko juu ya meza?" Nikasema nabadilisha balbu. "Balbu iko kule." Akaangalia ukutani, akaona nyenje, akavua viatu. Akaanza kuwakamata kwa kikombe, mmoja mmoja, akinong'ona nao. Wa kwanza akamwangusha ndani ya sanduku la mjusi. Mjusi aliruka! Alikula saba. Binti akapiga kelele, nami nikapiga kelele, ingawa yangu ilikuwa ya nyenje aliyenipanda gotini.
Baadaye akanipa kikombe nimshikie. Kilikuwa na nyenje ndani, anagonga. Nilikishika. Machozi yakanitoka, nikasema ni vumbi la kitambaa. Akaniambia samaki ni wazuri, ila hawajui kama yeye yupo.
Wakati wa kuondoka akauliza kwa nini nilimchagua mjusi huyu. Nikasema kwa sababu hali wadudu. Akacheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, tarehe 9
Mama yake kakubali: kila Jumamosi! Nilifurahi dakika tano nzima. Kisha Bwana Samaki akapiga simu, kwa upole wake uleule, kuuliza mjusi kama huyu anapatikana wapi. Aha! Anataka kuninyang'anya hata hili. Nikamwambia wameisha dunia nzima.
Nikakimbilia dukani. Nimemweleza muuzaji kwamba safari hii nimejipanga: nataka mnyama asiye na usumbufu wa chakula. Kanionyesha chatu. Anakula mara moja kwa mwezi. Mara moja! Nikauliza kama anakula wadudu. Akasema hata kidogo. Akaongeza jambo kuhusu panya, wazima, lakini mimi nilishafika mlangoni na chatu wangu ndani ya sanduku.