Nimekata Rezo Mbele ya Wakwe

Leo nimeaibika mbele ya wakwe. Aibu ya kutosha ukoo muzima, na mabaki ya kupeleka mpaka kijiji cha Makobola.

Munajua kazi yangu: minye ndiye ninayeangalia seva inayogawa rezo, intaneti yenyewe, hapa Uvira. Asubuhi, badala ya kupasi shati, nikashughulikia ile kadi mupya ya rezo ndani ya seva. Ni kadi yenye akili yake: ukiibadilisha mode, namna yake ya kufanya kazi, inabeba yenyewe kazi ya kupitisha data, seva inapumuzika. Nikabadilisha. Nikaanzisha seva upya. Wapi! Mambo ni yale yale. Nikasema hii kadi haisikii, nikaiacha hivyo. (Mode mupya haishiki mpaka umeme ukatike kabisa. Imeandikwa. Minye sikusoma.)

Halafu nikaona batri kubwa, ile inayoshikilia seva umeme ukikatika. Hii itafaa kwa mikro na televizio kwa wakina Neema, muchumba wangu, ambako leo tunaenda kuposa! Nikaibeba. Furaha, mwenzangu wa kazi, akaniuliza: "Na umeme ukikatika?"

"Leo? Leo ni siku yangu!" (Kichwa hiki, jamani.)

Wakina Neema wanakaa Kavimvira, hapa hapa Uvira, lakini baba yake iko Kinshasa kikazi, angetuona kwa video. Na huyo muzee ndiye wa kusema ndiyo ao hapana. Alishamuambia Neema: "Rezo! Hiyo ni kazi gani? Haishikiki." Leo nilitaka aione kwa macho.

Tukakaa. Kwa desturi muoaji hasemi, anatazama chini. Anayesema ni musemaji wetu, baba mudogo. Picha safi, muzee anacheka. Baba mudogo akashika mikro: "Muzee, huyu mutoto wetu ndiye anayeshikilia rezo ya Uvira nzima! Bila yeye..."

Umeme ukakatika, muji muzima. Picha ikaganda, muzee mudomo wazi. Mikro yetu, kwa batri yangu, ikaendelea kunguruma vizuri sana: "...hakuna muntu angepiga video!"

Umeme ukarudi palepale. Nikashusha pumzi. Rezo? Hakuna. Ndipo nikakumbuka kadi. Yesu Maria! Sasa mode imeshika, kadi imepokea data yote, na minye sijaiambia iipitishe wapi. Nikataka kusimama nikimbie ofisini, shangazi akanivuta koti: "Weye kaa! Mukwe hatembei-tembei."

Simu ya mama Neema ikalia, simu ya kawaida. Akaisogeza kwenye mikro ili wote wasikie (mama, kwa nini?). Ni muzee: "Rezo gani hiyo! Ni mupumbavu gani anaiangalia? Mumulete nimuambie!"

Wote wakamugeukia musemaji wetu. Baba mudogo akakohoa, akaweka mikro mbele yangu. "Kwa hilo, atajibu mwenyewe."

"Ni... ni minye, baba."

Hata Neema aliangalia ukuta. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Halafu muzee: "Basi kwanza utengeneze. Nikiona sura yako tena kwa video, ndipo tutaongea ukwe."

Nimepanda moto, ile pikipiki ya abiria, mpaka ofisini na koti langu la heshima, nimekumbatia batri. Nimerudisha mode ya zamani, nikazima seva kabisa, nikawasha. Ndiyo maana munasoma hii. Sasa nampigia muzee video, hajapokea bado.

Tafazali musicheke. Mwenye kucheka nitamukatia rezo, na leo nimejua namna.