Mjomba wa Meza ya Mwisho

Jumatano, 4 Juni

Bahati imebisha hodi! Mjomba wa bibi harusi amekosa viza ya kuja huku ughaibuni. Mama Prudensia, mama mzazi wa binti, anatafuta mtu wa kushika nafasi yake, amsindikize binti kanisani siku ya harusi, kule mji wa Katy. Atakayemchagua ataitwa meza kuu Jumamosi kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti. Ni mimi au Rogers. Rogers! Aliyevaa suti nyeupe msibani!

Alhamisi, 5 Juni

Nimepata dawa! Bwana Lin, mwenzangu wa bohari, amenieleza falsafa ya kwao, Utao: kutenda bila kulazimisha. Maji hayajipigi kifua, kasema. Huteremka tu, na watu huyafuata huko huko. Nikauliza inachukua muda gani kujifunza. Akasema mwenye haraka hajaelewa. Sawa. Nitaelewa kufikia Jumamosi.

Mke wangu Flaviana anasema nipige pasi shati, nikae kama watu. Hajui kitu.

Jumamosi, 7 Juni

Rogers alijipachika mbele, tai nyekundu. Mimi nikachagua meza ya mwisho kabisa, mlangoni mwa jiko. Unyenyekevu mtupu! Kichwa nikakiinamisha, ila si sana, MC asije akanikosa.

Akatokea Jedidah, mpishi. Alidhani nimekuja kusaidia, akanivisha aproni. Kukataa si ndiko kulazimisha? Nikapakua pilau. Nikasugua masufuria. Bibi mmoja meno yamemwisha, nikamkatia nyama vipande vidogo, tukacheka sana. Nikasahau hata kuchungulia ukumbini.

Ndipo MC alipoita jina langu! Bomba la jikoni lilikuwa likimwaga maji, sikusikia. Rogers akasema chakula kisipoe, akaenda kukaa yeye. Nimelia garini mpaka nyumbani Euless.

Jumapili, 8 Juni

Mama Prudensia kapiga simu! Kumbe yule bibi ni mama yake. Amesema mjomba ni mtu anayehudumia watu bila kutafuta sifa, basi ni mimi. Nimeruka mpaka jirani wa chini kagonga dari! Rogers amewekwa akiba tu, endapo sitaonekana, maskini.

Flaviana kaniuliza nimejifunza nini. Nimemwambia: nilikaa mbali mno na kamera.

Mpango wa Katy uko tayari. Harusi ikikaribia kuanza, nitajificha maegeshoni nyuma ya magari. Unyenyekevu wa hali ya juu! Waje wote kunitafuta, kwa vigelegele, na mpiga picha mbele. Wakiita mara ya kwanza, siitiki.

Rogers na asubiri sana!